Sanduku na Mwenyewe Husafiri Mbali Mbali: Jinsi Mizigo Inavyoachwa Katika Safari za Kuunganisha Ndege

Mkanda wa mizigo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta unapozunguka mtupu, na abiria wawili watatu wakawa bado wamesimama kando yake wakiukodolea macho, kwa kawaida jambo lililowapata lilikwisha kutokea saa kadhaa kabla, mbali na Nairobi, katika uwanja ambao wao waliupita mbio wakitoka lango moja kwenda jingine. Ni vyema kulianza suala hili hapo, kwa sababu hasira zetu nyingi humwangukia mtumishi wa Embakasi, uliko uwanja huo, ambaye hata hakuligusa sanduku lenyewe. Liliachwa Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, na mara nyingi kompyuta ya mtumishi huyo inajua liko wapi kabla mwenyewe hajamaliza kueleza rangi yake.

Nami nimewahi kusimama kwenye mkanda huo. Shirika lililonibeba, ambalo sitalitaja, liliniuzia tiketi yenye dakika 55 za kubadilisha ndege. Mimi niliziweza kwa kukimbia, sanduku langu halikuziweza. Lilinifikia siku ya tatu likiwa zima, lakini katika siku hizo nilitambua kwamba nilikuwa nimesafiri miaka mingi bila kujua mambo ya msingi: kwamba fomu niliyotia sahihi pale uwanjani haikuwa dai la fidia, kwamba siku zilikuwa zikihesabiwa, na kwamba kati ya mashirika mawili niliyopanda, lipo la kudaiwa hata kama kila moja linamnyoshea mwenzake kidole.

Kwanza tulitenge neno lenyewe. Tunasema mzigo "umepotea" tukiwa na maana ya mambo manne yasiyofanana: mzigo uliochelewa, yaani unaojulikana uliko au utakaopatikana baada ya siku chache, mzigo uliopotea kabisa, mzigo ulioharibika, na mzigo uliofika ukiwa umefunguliwa na kupunguzwa vitu. Kila moja lina njia yake ya kisheria na muda wake wa kulalamika. SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa anga inayotoa takwimu za mizigo kila mwaka, ilihesabu kwamba mwaka 2007 mizigo inayokaribia 19 ilipatwa na mkasa kwa kila abiria 1,000 duniani, na kwamba mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 6.9. Katika mizigo hiyo ya 2023, zaidi ya robo tatu ilikuwa imechelewa tu, na asilimia 46 ya mizigo hiyo iliyochelewa iliachwa katika hatua moja pekee, nayo ni kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Anayesafiri moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Johannesburg na anayefika huko kupitia mji wa tatu hawana hatari sawa, hata wakipakia masanduku pacha.

Tarakimu kumi

Mtumishi wa kaunta anapokubandikia lebo kwenye mkono wa sanduku, anakuwa ametengeneza vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni ile karatasi ndefu unayoiona. Cha pili hukioni kabisa: ni ujumbe wa kompyuta unaotumwa kwenye mitambo ya kupanga mizigo, ukisema kwamba mzigo wenye namba fulani ni wa abiria fulani, utapanda ndege fulani, uhamie nyingine fulani, kisha uteremshwe mahali fulani. Karatasi hubeba namba tu. Maelezo yote yamo katika ujumbe.

Namba hiyo ina tarakimu kumi na husomeka kirahisi ukiijua. Tarakimu ya kwanza huonyesha aina ya lebo. 0 ni ya kawaida, na 2 ni ya mzigo ulioachwa unaofuatishwa haraka kwa ndege ya baadaye. Tatu zinazofuata ni namba ya shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Sita za mwisho ni za mzigo wenyewe. Mtambo wa uwanja wa kati ukisoma namba kwa mwali wa mwanga na kukuta ujumbe wake, mzigo huelekezwa penye ndege yake bila kuguswa na mtu. Ukisoma namba lakini ujumbe haupo, kwa sababu tiketi ilibadilishwa dakika za mwisho au mifumo ya mashirika mawili haikusikilizana, mzigo hutupwa kando, mahali ambapo lazima binadamu aje kuusoma kwa macho. Hali ni hiyo hiyo lebo ikikunjamana au ikichanika. Kungoja huko peke yake hutosha kuukosesha ndege.

Ndiyo maana lebo za safari zilizopita hazifai kubaki kwenye sanduku. Wapo wanaoziacha kama nishani, na vile vibandiko vidogo vyenye milia vinavyogandishwa ubavuni husahaulika zaidi. Mtambo ukisoma namba ya safari ya mwaka jana, hauna namna ya kujua kwamba ni kumbukumbu tu.

Kuna pia herufi tatu tatu za viwanja. Kituo cha mwisho huandikwa kwa herufi kubwa: NBO kwa Nairobi, MBA kwa Mombasa, KIS kwa Kisumu, EBB kwa Entebbe. Soma herufi hizo ungali mbele ya kaunta, na uulize swali moja tu: "Mzigo huu nitauchukulia wapi?" Kisha kitunze kile kipande kidogo kinachobandikwa nyuma ya pasi ya kuabiri. Wengi hukiona ni takataka na kukiacha katika mfuko wa kiti cha ndege, ilhali ndicho stakabadhi pekee inayothibitisha kwamba shirika lilipokea mali yako.

Saa ya abiria na saa ya mzigo

Abiria akiteremka katika uwanja wa kati huwa anahesabu muda wake kuanzia mlango wa ndege hadi lango la pili. Mzigo una hesabu nyingine. Katika ndege kubwa, masanduku huwa ndani ya makontena ya alumini, na kama kazi ilipangwa vizuri kule ilikotoka, ya wanaounganisha hukaa katika kontena lake na kutangulia kutoka. Katika ndege ndogo, kama zile nyingi zinazoruka baina ya miji ya Afrika Mashariki, masanduku hurundikwa moja moja, na wapakuzi huingia tumboni mwa ndege wakiwa wamepiga magoti na kuyavuta kwa mikono. Sanduku lililoingia kwanza hutoka mwisho.

Baada ya hapo mzigo hupakiwa kwenye toroli, hukokotwa na trekta hadi chumba cha upangaji, hukaguliwa upya kwa eksrei katika viwanja vinavyotaka hivyo, huingia kwenye mkanda, husomwa, hupelekwa penye toroli ya ndege ya pili, kisha hukokotwa tena hadi kwenye ndege hiyo, pengine upande wa pili wa uwanja. Upakiaji hufungwa kabla ya mlango wa abiria kufungwa, kwa kuwa rubani lazima apate hesabu ya mwisho ya uzito na mpangilio wake. Kwa hiyo abiria anaweza kuwa mtu wa mwisho kuingia, akashangiliwa na wenzake, huku sanduku lake likiwa limekwisha kukataliwa dakika kumi nyuma.

Hapa ndipo watu hukasirika kwa haki: kwa nini basi waliniuzia tiketi isiyowezekana? Kila uwanja una kipimo cha muda mfupi kabisa unaokubalika wa kuunganisha, na kompyuta ya kuuza tiketi hairuhusu chini ya hapo. Lakini kipimo hicho hudhani kwamba ndege ya kwanza imefika kwa wakati. Ikichelewa nusu saa kwa sababu ya ukungu wa alfajiri au foleni ya kuruka, abiria bado anaweza kukimbia na kuifidia nusu saa hiyo. Sanduku halikimbii. Kwa maoni yangu, anayeona tofauti ya shilingi elfu chache kati ya tiketi ya kuunganisha kwa saa moja na ya saa tatu, akachagua ya saa moja, anakuwa ameununua ule usumbufu kwa fedha zake, ingawa shirika halisemi hivyo.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sana sisi wa Nairobi, nayo ni uzito. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300. Hewa ya miinuko hiyo ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu kidogo kuliko ambazo ndege hiyo hiyo ingezipata Mombasa usiku wenye baridi. Ndege ya safari ndefu iliyojaa mafuta inaweza kulazimika kupunguza mzigo ili iweze kupaa salama. Abiria hawezi kushushwa kirahisi. Makontena machache ya masanduku huweza. Mtu aliyefika Ulaya bila begi lake na kudhani kwamba limeibwa huenda ameachiwa tu kilo zake Nairobi kwa hesabu ya fizikia, zifuate kesho yake.

Wasafiri wengine huuliza kuhusu ile kanuni kwamba mzigo hauruhusiwi kuruka bila mwenyewe. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya maafa mawili yaliyosababishwa na mabomu yaliyofichwa ndani ya masanduku ya watu ambao wenyewe hawakupanda: ndege ya Air India iliyolipuka karibu na pwani ya Ireland tarehe 23 Juni 1985, na ya Pan Am iliyoanguka Lockerbie, Scotland, tarehe 21 Desemba 1988. Tangu hapo, abiria akikosa ndege kwa hiari au kwa uzembe wake, sanduku lake hutafutwa na kuteremshwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya ndege kukaa ikingoja huku milango imefungwa. Lakini mzigo ulioachwa na shirika lenyewe ni jambo jingine. Mwenyewe hakupanga kutengana nao, nao hukaguliwa mahsusi, hupewa lebo ya haraka, na huruhusiwa kumfuata peke yake.

Tangu Juni 2018, Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, kinawataka wanachama wake waufuatilie mzigo katika hatua nne: unapopokewa kutoka kwa abiria, unapopakiwa kwenye ndege, unapokabidhiwa eneo la kuunganisha, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Azimio hilo, namba 753, ndilo linalomwezesha mtumishi wa Embakasi kukuambia kwamba sanduku lilisomwa mara ya mwisho Doha saa nane usiku.

Tiketi moja, tiketi mbili

Sehemu hii huwaumiza zaidi wafanyabiashara wetu. Mama wa soko la Kamukunji, Nairobi, anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa anaweza kukata tiketi moja inayopitia Dubai, au kukata tiketi ya Nairobi hadi Dubai kwa shirika moja na nyingine ya kuendelea kwa shirika lingine, kwa kuwa njia hiyo ilionekana rahisi mtandaoni. Katika tiketi moja, mkataba ni mmoja: lebo huandikwa hadi kituo cha mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi ya mashirika kumpeleka yeye na mizigo yake. Katika tiketi mbili, kila shirika linamjua hadi mwisho wa kipande chake tu. Lebo huweza kuandikwa DXB, yaani Dubai, na masanduku yakazunguka kwenye mkanda wa Dubai, ng'ambo ya dawati la uhamiaji, mahali ambapo abiria asiye na viza ya kuingia nchini humo hawezi kufika. Yeye yuko lango la kuondokea, mali yake iko ndani ya nchi ya watu. Wako waliorudi nyumbani kwa hilo.

Hata mwenye tiketi moja anaweza kulazimika kuuchukua mzigo katikati ya safari. Marekani ndiyo mfano unaojulikana zaidi: kwa kawaida abiria huchukua mizigo yake katika uwanja wa kwanza wa kuingilia, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi tena kwa safari ya ndani, hata kama lebo imeandikwa mji wa mwisho. Anayeshuka New York akielekea Dallas akilipita eneo hilo kwa kuamini lebo, sanduku litabaki New York. Nasi tuna letu la hapa hapa: mgeni anayeshuka Embakasi na kuendelea Masai Mara kwa ndege ndogo za Wilson anabadilisha uwanja, si ndege tu, na mzigo wake huvuka mji kwa gari pamoja naye kupitia msongamano wetu wa magari.

Mbele ya kaunta ya mizigo

Mzigo usipoonekana, usitoke nje ya ukumbi wa kuwasili kabla ya kuandikisha. Fomu inayojazwa hapo hujulikana kote kwa kifupi chake cha Kiingereza, PIR, yaani taarifa ya hitilafu ya mizigo, na hukupa namba ya kumbukumbu yenye herufi tano na tarakimu tano: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, kisha tarakimu. Kwa hiyo namba inayoanza na NBO ilifunguliwa Nairobi. Namba hiyo huingia katika mfumo wa utafutaji uitwao WorldTracer, unaotumiwa na mashirika mengi duniani, ambao kazi yake ni kulinganisha orodha mbili: ya mizigo inayotafutwa na wenyewe, na ya mizigo iliyookotwa isiyo na mwenyewe. Utafutaji huendelea hadi siku 100.

Kulinganisha huko kunategemea maelezo. "Begi jeusi la magurudumu" ni maelezo ya nusu ya mabegi yote duniani. Chapa, ukubwa, kitambaa au plastiki ngumu, utepe mwekundu uliofungwa mkononi, na hasa vitu vya ndani visivyo vya kila mtu, ndivyo vinavyosaidia, kwa sababu lebo ikitoka, mzigo hufunguliwa na kuorodheshwa. Mtu aliyeandika "kanga mbili zenye jina la msiba, kilo tatu za unga wa wimbi na kitabu cha uhasibu" atapata sanduku lake haraka kuliko aliyeandika "nguo". Karatasi ndani ya sanduku yenye jina na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, +254 kwa sisi, ni kinga rahisi kuliko zote. Mizigo ambayo juhudi zote zimeshindwa kuirudisha kwa wenyewe huko Marekani huuzwa, na ipo biashara katika mji wa Scottsboro, jimbo la Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo huinunua na kuiuza tena dukani.

Vifaa vidogo vya kutambua mahali, ambavyo watu wameanza kuvitumbukiza ndani ya masanduku, vina faida ya kweli, lakini tuielewe kwa kiasi chake: vinakuambia sanduku liko wapi, haviliamrishi lije. Faida yake kubwa ni katika mazungumzo. Mtumishi anayesema sanduku halijulikani liliko huona ugumu kuendelea kusema hivyo akionyeshwa ramani. Betri za akiba za simu, kwa upande mwingine, hazitakiwi kabisa katika mzigo wa tumbo la ndege. Kuziweka humo ni kulifanya sanduku livutwe kando kwenye eksrei na kukosa ndege kwa kosa la mwenyewe.

Sanduku likipatikana, litapita forodhani kama ambavyo lingepita likiwa na wewe, na kwa hiyo huenda ukatakiwa kufika mwenyewe au kutoa ufunguo na idhini. Anayeishi Kitengela ahesabu gharama ya safari hiyo pia, na atunze risiti yake.

Sheria, siku na fedha

Kwa safari za kimataifa, haki za abiria zimo katika Mkataba wa Montreal uliotiwa sahihi tarehe 28 Mei 1999 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Kenya ni mwanachama. Mkataba huu hutumika safari ikianzia nchi mwanachama na kuishia nchi nyingine mwanachama. Hutumika pia kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Nairobi, hata kama nchi uliyoitembelea si mwanachama, kwa kuwa kisheria mwisho wa safari hiyo ni Nairobi pale pale.

Kabla yake, Mkataba wa Warsaw wa 1929 ulifidia kwa kilo: faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo, hesabu iliyomfanya mwenye suti nyepesi ya harusi alipwe kidogo kuliko mwenye gunia la viazi. Montreal uliondoa mizani na kuweka kikomo kwa kila abiria. Kikomo hicho hupimwa kwa SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na kapu la sarafu tano. Kilianza kwa SDR 1,000, kikapanda hadi 1,131 mwishoni mwa 2009, 1,288 mwishoni mwa 2019, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519, yaani kama dola 2,000 za Marekani, au takriban robo milioni ya shilingi zetu.

Neno la kushikilia hapo ni "kikomo". Si malipo ya moja kwa moja kwa kila aliyepoteza sanduku. Ni paa ambalo hasara iliyothibitishwa haiwezi kulivuka. Tena ni kwa kila abiria, si kwa kila sanduku: mwenye masanduku matatu na mwenye moja wana paa lile lile. Anayebeba mali inayozidi hapo anaruhusiwa kutoa tamko maalumu la thamani kaunta kabla ya kuikabidhi, na kulipa ada ya ziada ikitakiwa. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo, lakini njia ipo. Paa hilo huondoka pia ikithibitishwa kwamba shirika au watumishi wake walisababisha hasara kwa makusudi, au kwa kutojali huku wakijua kwamba hasara ingetokea, jambo ambalo ni gumu kulithibitisha.

Sasa siku. Zipo siku 21 mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu haki. Za kwanza huhesabiwa tangu siku mzigo ulipopaswa kufika: zikipita bila mzigo kuonekana, au shirika likikiri mapema kwamba umepotea, hapo mzigo "uliochelewa" hugeuka kuwa "uliopotea" kisheria, nawe waweza kudai thamani yake. Za pili huhesabiwa tangu siku mzigo uliochelewa ulipokabidhiwa kwako: ndani yake lazima uwe umelalamika kwa maandishi kuhusu hasara ya kuchelewa huko, la sivyo dai hufa. Kwa mzigo ulioharibika muda ni mfupi zaidi, siku saba tangu kuupokea, na kuupokea bila kulalamika huchukuliwa kuwa dalili kwamba ulifika salama. Juu ya hayo yote kuna ukomo wa miaka miwili wa kufungua kesi, na ukomo huo hausimami kwa sababu tu shirika linaendelea kukuandikia barua pepe za pole.

Fomu ya PIR ni taarifa ya utafutaji, na mwenye busara haihesabu kuwa ndiyo dai. Andika barua au barua pepe nyingine kwa idara ya madai, utaje namba ya kumbukumbu, tarakimu kumi za lebo, tarehe, orodha ya vitu na bei zake, na uombe jibu. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ukisoma majibu ya idara hizo utadhani waliosema hivyo waliwahi kudai sanduku. Kwa gharama za dharura wakati wa kungoja, kama vile nguo za kubadili, dawa na mswaki, ujumbe wa M-Pesa huonyesha kwamba ulilipa kiasi fulani kwa duka fulani, lakini hauonyeshi ulinunua nini; omba risiti yenye jina la kitu. Mashirika mengi humlipa kwa urahisi zaidi aliyekwama ugenini kuliko aliyerudi kwake, kwa hoja kwamba nyumbani ana kabati. Hoja hiyo ina mantiki kwa nguo, haina kwa dawa. Nalo shirika lina utetezi mmoja katika madai ya kuchelewa: likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizotarajiwa kwa busara, haliwajibiki.

Nani basi adaiwe, ikiwa mashirika yalikuwa mawili au matatu? Kwa mizigo, mkataba unasema wazi: abiria anaweza kulidai shirika la kwanza, au la mwisho, au lile lililokuwa na mzigo ulipopatwa na mkasa, na yote hayo huwajibika kwa pamoja na kila moja peke yake. Kwa desturi shirika la mwisho, lile lililokufikisha bila sanduku, ndilo hufungua jalada na kushughulikia dai, kisha mashirika hugawana gharama yenyewe kwa yenyewe. "Nenda kwa yule mwenzetu" si jibu la kisheria. Lakini kanuni hiyo hudhani kwamba safari ilikuwa moja machoni pa pande zote, na hapo yule wa tiketi mbili hugundua mara ya pili gharama ya unafuu wake.

Liko pia swali la vitu vya thamani. Masharti mengi ya mashirika husema hayawajibiki kwa vito, fedha taslimu au kompyuta vilivyowekwa katika mzigo wa tumbo la ndege. Kifungu cha 26 cha mkataba hubatilisha sharti lolote linalojaribu kuliondolea shirika wajibu au kushusha kikomo, hivyo masharti hayo hayana nguvu kama yanavyoonekana. Ila kifungu cha 20 huruhusu fidia ipunguzwe kwa uzembe wa mdai, na mwanasheria wa shirika hatakosa kuuliza kwa nini dhahabu ilipakiwa pamoja na viatu.

Na vipi kuhusu mizigo ya watu wengine, kwa maana hakuna anayerudi Nairobi bila kifurushi cha shangazi wa mtu? Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya familia ya watu wanne iliyopakia katika masanduku mawili, kwamba abiria ambaye vitu vyake vilikuwa ndani ya sanduku lililoandikishwa kwa jina la mwenzake wa safari ile ile anaweza kudai kwa kikomo chake mwenyewe. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, na kwa vyovyote unamhusu abiria mwenzako. Shangazi aliyekuwa amekaa Buruburu akingoja hakuwa abiria.

Mdai wa Nairobi hahitaji kwenda kushtaki ng'ambo. Mkataba unamruhusu kufungua kesi mahali safari ilipoishia, ambapo kwa tiketi ya kwenda na kurudi ni hapa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na sheria yake inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60, na kikomo kizima cha Montreal kiko mbali chini ya kiwango hicho. Atakachoulizwa mdai huyo kwanza ni stakabadhi ya mzigo, ile karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya pasi ya kuabiri.